Vistari vya Bibi Mwalimu

Kadi yake ya kazi iliandikwa "Mkurugenzi", na hakuna aliyemzuia kuiandika hivyo kwa sababu kampuni nzima ilikuwa yeye peke yake. Ofisi ilikuwa pembe ya sebule, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Wafanyakazi walikuwa watatu: yeye mwenyewe, skana ya zamani iliyokuwa ikiguna kabla ya kuanza kazi, na kiti chenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha kadibodi. Mkewe, aliyekuwa akigawa dawa kwenye zahanati, ndiye aliyeanza kumwita Mkurugenzi hata nyumbani, tena kwa sauti ya heshima kabisa, na mtu akiheshimiwa hivyo na mkewe ajue anachekwa. "Mkurugenzi, takataka zinakungoja." Naye huzibeba mpaka nje bila kubisha, kwani ukubwa ni jaa.

Kazi yake ilikuwa kuchukua michoro iliyochorwa kwa mkono na kuigeuza picha za tovuti. Mtu anamletea ua lililochorwa kwa penseli; yeye analiskani, anafuta madoa, kisha programu inaufuata mstari wa kalamu na kuuchora upya, na ua linatoka safi, unaweza kulikuza likaenea ukuta mzima bila kuvurugika. Katika kusafisha alikuwa hodari. Tumkubalie hilo mapema, maana mengine yote aliyodhani anayaweza yatamtoka moja moja hapa mbele yetu.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka saba, aliyebandikwa jina la Kidege kwa sababu alipokuwa mdogo alikula kwa kudonoa. Kidege alizaliwa kiziwi. Lakini alikuwa msemaji kupindukia. Alisema kwa mikono, kwa mabega, kwa nyusi, kwa mashavu, na mama yake alimjibu vivyo hivyo. Jioni wale wawili walipiga soga ambazo Mkurugenzi alizitazama sahani yake ikiwa mkononi, kama anayetazama mpira kwenye televisheni ya jirani. Akiuliza mtoto amesema nini, mkewe alimfupishia. Dakika mbili nzima za mikono, halafu tafsiri: "Anasema leo shuleni kulikuwa kuzuri."

Si kwamba hakujaribu kujifunza. Alijaribu, siku moja. Shule ya Kidege ilikuwa na darasa la lugha ya alama kwa wazazi kila Jumanne, naye alikwenda amenyoa na kunyoosha shati. Alipoambiwa aseme "habari za asubuhi" kwa mikono, alisema kitu kingine, na wazazi wenzake wakaangua kicheko mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Mpaka leo hakuna aliyemwambia alisema nini. Tangu hapo, kila Jumanne kampuni ilipata dharura. Mkewe alikwenda peke yake, akajifunza, akarudi, na wala hakumlaumu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na hapo ndipo ulipokuwa msiba wake, tuuseme wazi kabla hatujacheka zaidi. Kidege hakuwa akimwita. Akitaka maji, mama. Akiota ndoto mbaya, mama. Jino la kwanza lilipoanza kutikisika, alipita mbele ya baba yake mdomo ukiwa wazi na kidole juu ya jino, akaenda moja kwa moja chumbani kumwonyesha mama. Baba alikuwa mtu wa kumbeba mabegani na kumfunga kamba za viatu. Mkurugenzi alitaka jambo moja tu duniani: siku moja binti yake amgeukie yeye kwanza.

Kwa hiyo kazi ilipokuja kutoka shule ileile ya Kidege, aliipokea kwa mikono miwili.

Aliyeileta alikuwa Bibi Mwalimu, mwanamke mrefu aliyestaafu baada ya kufundisha watoto viziwi miaka thelathini na mitano. Alibisha hodi asubuhi, kwapani amebana bahasha kubwa ya eksirei.

"Shikamoo, Bibi Mwalimu."

"Marahaba, baba. Ndiyo hii ofisi?"

"Ndiyo makao makuu."

Bibi Mwalimu akaangalia kabati la vyombo, akaangalia kadibodi chini ya mguu wa kiti. "Na matawi yako wapi?"

Mkurugenzi akacheka kidogo na kumvutia kiti. Ndani ya bahasha hamkuwa na eksirei yoyote. Mlikuwa na michoro mia mbili na kumi na miwili ya kalamu ya wino, yote imechorwa nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Kila mchoro ulikuwa mtu kuanzia kifuani kwenda juu, na mikono yake, akisema neno moja: maji, ngoja, msiba, kesho, mama. Bibi Mwalimu alichora neno kila mwanafunzi aliposhindwa kulikumbuka, mpaka akajaza bahasha. Sasa shule ilitaka kuyaweka yote kwenye tovuti, ili mzazi aliye mbali afungue simu yake na kujifunza maneno ya mtoto wake.

"Nakuachia kwa sababu macho yangu yamechoka," alisema. "Nina mtoto wa jicho, nasubiri kufanyiwa upasuaji. Nakuomba kitu kimoja. Usiniongezee, wala usinipunguzie."

"Bibi, wewe usiwe na wasiwasi. Kazi hii nimeizoea."

Sentensi hiyo aliikumbuka baadaye akiwa anaoga, akafumba macho hata kabla ya kupaka sabuni.

Alifanya kazi wiki tatu. Tangu karatasi ya kwanza aliona kuna tatizo, akajipongeza kwa kuliona. Kandokando ya mikono kulikuwa na vistari: vingine vimepinda, vingine viwiliwili, vingine vifupi kama mtu anayejaribu kalamu kama bado ina wino. Palikuwa na nukta karibu na kidevu, nukta karibu na paji la uso. Kwenye karatasi za zamani majibu ya mitihani yalipenya kutoka upande wa pili na kuchanganyika na madoa ya chai. "Maskini," alijisemea, "mkono wa Bibi ulishaanza kutetemeka." Akamhurumia kwa dhati. Halafu akafuta vyote.

Alifuta vistari, akafuta nukta, akafuta na chai. Mikono ikabaki peke yake katikati ya weupe, safi kabisa. Kisha akaona nyuso hazilingani. Huyu kainua nyusi, yule kakunja, mwingine mashavu yamevimba, mwingine mdomo umeinama pembeni kama aliyelamba ndimu. Tovuti nzuri lazima ifanane kurasa zote; hilo alilijua, maana alilisoma. Akachagua uso mmoja uliokuwa ukitabasamu, wa neno "karibu", akaupachika kwa watu wote mia mbili na kumi na wawili. Na kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa imejaa, kila alipomaliza picha aliihifadhi juu ya ile ya mwanzo, na ile ikafutika.

"Nikuangalizie?" mkewe alimuuliza jioni moja, akitaka kuchungulia.

Akaifunika kompyuta kwa kifua chake. "Hapana. Utaona siku ya kuonyesha."

"Bibi Mwalimu ameshaona?"

"Ataona siku hiyohiyo. Nataka wafurahi wote pamoja."

Mkewe akageuka kuondoka. "Haya, Mkurugenzi."

Siku ya kuonyesha ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho kabla ya likizo. Tovuti yenyewe ingezinduliwa mbele ya wazazi wote baada ya siku kumi na moja, shule itakapofunguliwa, lakini Mkurugenzi aliomba waionje kwanza watoto wa darasa la Kidege. Alijiambia ni kwa ajili ya majaribio. Uongo. Alitaka binti yake akae mbele na kuona ni baba wa nani anayesimama pale. Darasa lilikuwa na watoto kumi na wanane, ukuta mmoja uliopakwa rangi nyeupe, na projekta iliyowekwa juu ya vitabu vitatu. Mkewe aliomba ruhusa zahanati na kuja na sare yake ya kazi. Bibi Mwalimu alikaa karibu kabisa na ukuta, pua yake ikikaribia kugusa picha.

Picha ya kwanza ikatokea. Watoto wakatulia. Ya pili. Wakatazamana. Ya tatu ilikuwa "ngoja", na bila vistari vya vidole vinavyochezacheza alikuwa mtu aliyebeba sinia lisiloonekana, anatabasamu. Kicheko kilianzia nyuma. Ilipofika "msiba", mtu yule anatabasamu kwa furaha kubwa mkono ukiwa shavuni, darasa zima likapasuka. Mvulana mmoja akasimama, akakaza mikono hewani, akatabasamu bila kupepesa. Wenzake wakamfuata. Mara Mkurugenzi akajikuta mbele ya watoto kumi na saba waliogeuka masanamu, mikono imeganda, meno yote nje.

Wa kumi na nane alikuwa Kidege, na yeye hakucheka. Alikaa ameinamisha kichwa akichora mduara kwenye dawati kwa kidole. Msichana aliyekaa naye akamgusa bega, akamwonyesha Mkurugenzi, akauliza jambo. Kidege akajibu kwa ishara mbili fupi, akarudi kwenye mduara wake.

Bibi Mwalimu hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alimwita pembeni watoto walipotoka kucheza.

"Vile vistari uliviona?"

"Niliviona, Bibi. Nilidhani... nilidhani kalamu ilikuwa inasumbua."

"Vile ndiyo maneno yenyewe, baba. Vistari viwili, mkono unakwenda na kurudi. Nukta ni mahali unapogusa. Nyusi zikipanda, hapo unauliza. Mkono bila hayo ni mkono tu, hata kwenye duka la nguo wapo watu wa plastiki wenye mikono. Wewe umeniwekea ukutani watu mia mbili waliopigwa na ganzi, na wote wamefurahi."

"Mia mbili na kumi na wawili," alisema Mkurugenzi, na papo hapo akatamani aumeze ulimi wake.

"Zile za mwanzo si unazo?"

Akaeleza jinsi alivyohifadhi picha juu ya picha. Bibi Mwalimu akamrudishia bahasha ya eksirei, aliyokuwa amekabidhiwa asubuhi ile. Karatasi zilikuwepo, Mungu mkubwa. Kazi ilikuwa ianze upya.

Njiani kurudi nyumbani Kidege alitangulia akiruka madimbwi, na Mkurugenzi akamuuliza mkewe swali lililokuwa likimkereketa tangu darasani.

"Yule mwenzake alimuuliza nini?"

"Alimuuliza wewe ni nani."

"Akasemaje?"

Mkewe akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. "Amesema mtu wa kompyuta."

Mkurugenzi alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. "Kwani baba wanasemaje? Si kuna neno?"

"Neno la baba lipo. Lakini kila mtu ana jina lake la mkono. Mimi wananiita hivi." Akapitisha kidole kwenye shavu, mahali alipokuwa na kovu dogo. "Bibi Mwalimu analo. Hata paka analo."

"Mimi je?"

"Wewe anakunyooshea kidole."

"Si ungenipa hata lolote?"

"Silitoi mimi. Viziwi wenyewe ndio humpa mtu jina, wakishamzoea."

Wakishamzoea. Miaka saba alikuwa akiishi nyumba moja na mtoto, anamfunga kamba za viatu kila asubuhi, na bado hajazoeleka. Paka alikuja mwaka jana tu, tena alikuja kuiba samaki.

Asubuhi iliyofuata alizitandaza karatasi na kugundua jambo la aibu zaidi: hata sasa, akijua kosa lake, hakuweza kulirekebisha. Programu haikujua kistari kipi ni neno na kipi ni doa la chai, na yeye pia hakujua. Kwenye karatasi moja aliona mikunjo mitano kandokando ya mkono. Miwili ilikuwa ya Bibi Mwalimu, mitatu ilitoka kwenye hesabu ya mwanafunzi fulani upande wa pili, na ipi ni ipi, hapakuwa na wa kumwambia. Bibi Mwalimu alikuwa amelazwa kwa ajili ya jicho lake. Mkewe angeshinda zahanati mpaka jioni. Nyumbani alibaki mtaalamu mmoja tu, naye alikuwa sakafuni akimvisha paka soksi.

Mkewe ndiye aliyewapatanisha kabla hajatoka. Alimweleza Kidege kwa mikono, kwa urefu, na katikati ya maelezo Kidege alimgeukia baba yake, akamtazama kuanzia nywele mpaka kandambili. Kisha akajibu.

"Amekubali," alisema mkewe, akifunga vifungo vya sare. "Ila anataka kiti."

Kwa hiyo kwa siku kumi zilizofuata Kidege alikalia kiti cha Mkurugenzi, na Mkurugenzi akakalia ndoo iliyogeuzwa.

Utaratibu waliupata wenyewe. Yeye anaweka karatasi kwenye skana, picha inatokea kwenye kioo, anaigusa alama moja kwa ncha ya penseli na kuinua mabega: hii nini? Kama ni doa, Kidege anatikisa kichwa na kukunja pua. Kama ni neno, anaacha kila kitu na kulisema lile neno, mkono ukipita palepale vistari vilipopita. Shida ni kwamba alilisema haraka, kama mtu mzima anayesema "maji". Mkurugenzi hakuona kitu. Ikabidi alirudie yeye, polepole, kwa mikono yake mwenyewe, ili ajue mstari unaanzia wapi na unaishia wapi. Na hapo ndipo alipokiona cha mtema kuni.

Kidege hakuwa na huruma. Baba akikosea, anampiga kofi dogo la vidole. Akikosea tena, anavishika vile vidole, anavikunja kimoja kimoja, anauzungusha mkono mzima kutoka kwenye kifundo kama anayefungua bomba. Mkurugenzi aliyekuwa akijisifu kwa wateja kwamba ana mkono mwepesi aligundua ana mikono miwili ya kushoto. Kwenye "ngoja" walikaa mpaka chai ikapoa. Kwenye "kesho" alimpiga binti yake puani kwa bahati mbaya, na mtoto akajitupa sakafuni akijifanya amekufa, akamfanya baba aombe radhi kwa paka, kwa kumsugua kichwa, maana ndiyo radhi pekee aliyoiweza bila neno la mkono.

Halafu nyuso. Kidege aligundua mapema kwamba baba yake, kila akitumia mikono, alitabasamu. Alitabasamu kwenye "njaa", akatabasamu kwenye "ajali". Lilikuwa tabasamu la mtu anayeomba asichekwe, na Mkurugenzi hakujua kama analo mpaka binti yake alipomshika mashavu kwa mikono yote miwili na kuyavuta chini. Akamgeuza kwenye kioo cha kompyuta kilichokuwa kimezimika ajione. Alijiona. Ndiye yuleyule aliyembandika kwa watu mia mbili na kumi na wawili.

Siku ya nne walikuwa wamefika karatasi ya tisini. Mkurugenzi hakuwa ameijua lugha, asije akajidanganya. Alikuwa na maneno, na maneno bila sarufi ni matofali yaliyomwagwa uani. Lakini alipomwomba Kidege "maji" kwa mkono, yaliletwa maji, na aliyanywa yote ingawa hakuwa na kiu.

Mchana wa siku hiyo Kidege alisimamisha kazi. Aliivuta mikono ya baba yake, akaigeuza juu chini, akaikagua kama muuguzi. Akabonyeza kiganja. Kisha akasema kitu kifupi, nyusi zikiwa juu. Mkurugenzi alimwomba arudie. Akarudia. *Mikono*: hilo alilijua, karatasi ya sita. *Yako*. Na la tatu, vidole viwili vinavyokaribiana na kusokota, vistari viwili vilivyopinda. Hilo walilisafisha jana yake. *Kuumwa*. Nyusi juu, anauliza.

Mikono yako inaumwa?

Alidhani hajaelewa. Akatikisa kichwa, hapana. Kidege akasema tena, sasa kwa maneno mengi kidogo, naye akayaokota yale aliyoyaweza: *zamani*, *mimi*, *fikiri*, *baba*, *mikono*, *kuumwa*. Ikamwingia polepole. Mtoto hakuwa anauliza habari za leo. Miaka yote hii, akiona mama anasema kwa mikono, Bibi Mwalimu anasema kwa mikono, muuza maziwa mwenyewe anajua kusema "asante" kwa mikono, na baba mikono yake imelala tu, mtoto alitafuta sababu. Akaipata ya kumstahi. Baba anaumwa mikono.

Mkurugenzi alijisikia vibaya kuliko siku ile ya darasani, na hapa hapakuwa na wa kucheka. Alitaka kumjibu na hakuwa na neno. Mkewe angekuwepo angemwambia, "Mwambie hivi," na mambo yangeishia hapo, lakini mkewe hakuwepo. Akaivuta bahasha ya eksirei, akazipekua karatasi ambazo bado hawajazifikia, moja baada ya moja, Kidege akimtazama. Ilikuwa karibu na mwisho. Mwanamke amefunika macho kwa kiganja, vistari vitatu vinaonyesha mkono unashuka, mashavu yameingia ndani. Chini yake, kwa mwandiko wa Bibi Mwalimu: aibu.

Akaiweka karatasi pembeni na kulisema. *Hapana. Kuumwa, hapana. Aibu.* Hakutabasamu, safari hii hakuhitaji kuvutwa mashavu.

Kidege alifikiri. Aliangalia karatasi, akamwangalia baba yake. Kisha akaushika ule mkono, akauinua, na kuushusha tena kwa pembe iliyo sahihi, maana alikuwa ameliharibu hata hilo. Akamfanya alirudie mara tatu mpaka liliponyooka. Mwishowe akarudi kwenye kiti chake cha mkurugenzi na kugonga skana kwa kidole: kazi iendelee.

Walimaliza siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Vistari vyote vilikuwa mahali pake, na nukta zote, na nyuso mia mbili na kumi na mbili, kila mmoja na lake. Mkewe alikaa na kompyuta saa nzima baada ya chakula, akipitia neno baada ya neno, midomo yake ikicheza. Alipomaliza alisema, "Sawa," kisha akaenda kuosha vyombo, zamu ambayo haikuwa yake.

Wazazi walijaa mpaka barazani. Bibi Mwalimu alikuja na jicho moja limefunikwa kwa pamba, akakaa palepale karibu na ukuta. Watoto walitazama picha za kwanza wakisubiri kucheka, kisha wakaanza kuzifuata kwa mikono yao bila kuambiwa, na mama mmoja nyuma aliyekuwa amekuja kutoka mbali akawa anafanya "ngoja", "ngoja", "ngoja", amesahau watu wote. Kilichobaki kilikuwa Mkurugenzi aseme maneno mawili. Alikuwa ameandaa hotuba ya sauti, ina ukurasa mzima, ndani yake maneno "kampuni yangu" mara saba.

Kabla hajaifungua, yule mvulana wa masanamu alisimama na kumuuliza kwa mikono. Mkurugenzi alilielewa swali, na kulielewa kulimtia hofu kuliko kutolielewa. *Jina lako?* Nyusi juu.

*Sina*, alijibu.

Darasa likajadiliana. Mikono ilipaa, mingine ikakataa, msichana mmoja alipendekeza kitu chenye tumbo na wenzake wakakifikiria kwa uzito. Mkurugenzi moyoni alikuwa na matumaini yake, tusimfiche. Labda kalamu. Labda miwani yake. Hata kitu cha kompyuta angekishukuru. Ndipo Kidege akatoka kwenye dawati, akaja mbele, akamtazama baba yake kama alivyomtazama siku ile ya kandambili. Akafungua kiganja cha kushoto. Juu yake akasugua kidole gumba cha kulia, haraka, mbele na nyuma, kama anayefuta kwa ufutio. Halafu akavimbisha mashavu na kupuliza vumbi.

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha mara ya kwanza. Watoto wote wakaanza kufuta viganja na kupuliza, na wazazi nao.

"Limepita," alisema Bibi Mwalimu, jicho lake zima likitoka machozi ya kucheka. "Wewe ni Mfutaji. Usihangaike kukata rufaa, halibadilishwi. Mimi wananiita Pua Ndefu tangu nikiwa msichana."

Mkurugenzi akaikunja hotuba. Akajitambulisha kwa wazazi kwa mkono, mbele ya kila mtu, akasugua kiganja mbele na nyuma. Watoto wakampigia kelele za mikono: amesahau kupuliza. Akapuliza.

Alasiri ile, nyumbani, mkewe alikuwa jikoni anakata vitunguu, na Kidege alikuwa mezani akimsimulia siku nzima, ingawa mama alikuwepo na aliiona yote. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Kidege akapiga meza kwa kiganja. Kwa mazoea, Mkurugenzi akamwambia mkewe, "Unaitwa."

Mkewe hakuinua kichwa. Akaonyesha kwa kidevu.

Kidege alikuwa anamtazama yeye. Akasugua kidole gumba juu ya kiganja, akapuliza. Akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye suruali ili iwe tayari kwa jambo lolote mtoto atakalomwambia. Kidege akasema upesi. Mkurugenzi hakushika hata neno moja. Akaomba arudie, na Kidege akashusha pumzi ya mtu aliyezungukwa na wagumu wa kuelewa, akarudia polepole, neno kwa neno, kama anayesema na mtoto mdogo.

*Wewe. Mlango. Mwanga, unaziba. Mama hanioni mikono. Sogea.*

Mkurugenzi akasogea. Akasogea upande wa ndani, akavuta kigoda, akakaa.